Nyumba ya Wageni na Shamba la Mwenye Nyumba

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa Lamu mbele ya mkutano wa sherehe ya miaka kumi ya Muungano



 Kamati ilipoketi kupanga shughuli za sherehe ilinitaka niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni kuitengeneza nyumba ya kale na kuikodisha kwa wageni wajao kupumzika. Najua sababu ya kuchaguliwa mimi. Wako humu wanaojua zaidi yangu, lakini sidhani kama yuko aliyekosea zaidi yangu, na makosa yangu yote nimeyaandika katika daftari.

Nayo si mazungumzo ya kupitisha wakati. Mbele ya Mkutano Mkuu ujao iko hoja ya kwamba Muungano utenge fedha za kuwakopesha wanachama wenye nyumba za mawe mjini Lamu, Shela, Pate na Siyu, ili wazitengeneze na kuzikodisha. Wako waliokwisha kuhesabu faida kabla ya kupiga kura. Wako pia waliosema katika mkutano wa tawi, nami nilikuwapo, ya kwamba fedha za ufuta na nazi hazina kazi ya kununulia wageni magodoro. Nawaomba mnisikilize kwanza, kisha kila mmoja apige kura yake kwa jinsi aonavyo.

Nyumba nitakayoitaja ilikuwa ya mama yangu. Wengi mnajua desturi ya wazee wetu ya kwamba binti akiolewa hupewa nyumba, au hujengewa orofa juu ya nyumba ya wazazi wake, na mume ndiye ajaye. Mama aliipata hivyo kwa mama yake. Alipofariki mwaka 2003 tulikuwa warithi sita, na nyumba ilikuwa imekwisha kuchoka. Dari ya chumba cha nyuma ilikuwa imeanguka, mvua inanyesha ndani, na mpapai umeota juu ya kifusi, tena wazaa. Mwaka huo huo akaja mtu na fedha taslimu akitaka kununua. Ndugu zangu wawili waliokuwa wakiishi Mombasa walitaka tuuze, wala siwalaumu hata leo. Mtu alipaye kodi kila mwezi katika mji wa watu, ana watoto wa kusomesha, haoni faida ya jengo lenye mpapai ndani. Tukagombana, tena vibaya, hata ami yetu akaja kutupatanisha. Mwisho niliwaomba wanipe miaka mitatu. Ikiwa baada ya miaka mitatu nyumba haileti kitu, nitatia sahihi yangu pamoja na yao.

Nilianza na fedha za bangili mbili za mama na mavuno ya minazi yangu ya Matondoni. Alikuwako mtu tayari kunikopesha zaidi nikiweka shamba rehani. Nilikataa. Sikukataa kwa busara, nilikataa kwa woga. Lakini baadaye mtaona woga ule ulinisaidia kitu gani.

Sasa niseme juu ya matengenezo, maana hapo ndipo fedha huzama. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zapata nusu mita kwa unene, na dari zake zimechukuliwa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Wageni huuliza kila siku kwa nini babu zetu hawakutaka vyumba vipana. Jibu ni kwamba mkoko ndio uliopima chumba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia chini. Nilitaka mtu aingiapo mlangoni aone kazi imefanyika, ndugu zangu nao waone, basi nikaanza na daka, na ukumbi, na kuta za chini. Fundi wa kwanza alikuwa kijana hodari aliyezoea kujenga maduka. Akanishauri tuzibandue lipu za zamani tupige lipu ya saruji. Saruji hupatikana dukani siku ile ile uitakayo, na chokaa yataka subira. Nikakubali. Kuta zikang'aa kama yai, nami nikawaita jirani waje kutazama.

Zilipopita masika mbili, ukuta ulianza kuvimba. Lipu ikawa yaachana na jiwe vipande vipande, na nyuma yake chumvi nyeupe kama unga. Unyevu ambao zamani haukupita kimo cha goti ulikuwa sasa umepanda hadi juu ya zidaka. Nikamwendea mzee mmoja mwashi, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Alikuja, akabandika kiganja chake ukutani, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, umeivika nyumba koti la mvua, nayo inatoka jasho."

Alinieleza, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Jiwe la matumbawe lina matundu na hunywa maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa nayo ina matundu, hivyo maji yale yakifika usoni pa ukuta hutoka yakakauka kwa upepo, na chumvi ikibaki hubaki juu juu, hufagiliwa. Ukiweka saruji umeuziba mlango wa kutokea. Maji hayana budi yapande yatafute njia nyingine juu zaidi, na chumvi ikigeuka kuwa punje nyuma ya lipu huisukuma kwa nguvu mpaka ipasuke. Maji yakifika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki. Utaitazama boriti katikati ya chumba, ni nzima kabisa. Siku ikianguka, watu husema ni kudra.

Ikanibidi kubandua lipu yote niliyoilipia na kuanza upya kwa chokaa. Fedha za mavuno mawili zikawa zimekwenda bure. Ndiyo maana nasema, na mafundi vijana walioko hapa wasinikasirikie, mtu yeyote atakayekushauri kupaka saruji ukuta wa matumbawe, mpe chai, mshukuru, na umwage.

Mara ya pili tulianza juu, na hapo ndipo mahali pa kuanzia. Kwanza mzee alisema tuzibe mahali maji yaingiapo, kisha mahali maji yakaapo, na baada ya hapo ndipo tutazame mengine. Tuliondoa kifusi cha dari iliyoanguka. Tukazitazama boriti moja moja, akizigonga kwa kisu karibu na ukuta na kusikiliza sauti. Zilizooza tukazitoa. Mikoko, kama mjuavyo ninyi mliokata wenyewe, huuzwa kwa majina ya unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Msidanganywe mkanunua mazio kwa bei ya boriti, maana dari ya chokaa ni nzito sana. Tena ziwe zimekauka. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu, mikoko ilikuwamo, na wengi wenye nyumba walikwama na dari wazi. Tangu hapo mimi huweka akiba ya boriti chache kavu chini ya kivuli kule shambani, kama mtu awekavyo mbegu.

Juu ya boriti hupangwa mawe membamba, na juu ya mawe hutiwa zege ya chokaa na kokoto za matumbawe, ikapigwa kwa vipande vya mbao siku nyingi mpaka ishikane. Kazi hii zamani ilifanywa kwa nyimbo na watu wengi. Leo watu wengi hawapatikani, lakini kupigwa hakuna badala yake. Dari isiyopigwa ya kutosha hunywa maji kama sifongo. Kisha itiwe mwinamo kuelekea kwenye kopo la kutolea maji. Kila mwaka kabla ya masika, mwenye nyumba mwenyewe apande juu na ndoo ya maji, ayamwage, atazame yanakwenda wapi. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Sijaona kazi yenye faida kuliko hiyo katika maisha yangu yote ya kukodisha.

Chokaa yenyewe ilikuwa taabu. Mawe yachomwe katika tanuri la magogo, yazimwe kwa maji, kisha chokaa ikae shimoni miezi kadhaa hata iwe laini kama siagi. Ikipigwa ukutani kabla ya wakati hupasuka. Mkulima mmoja mmoja hana nafasi ya kungoja hivyo, naye akikosa hurudi kwenye saruji. Jambo hili nitalirudia mbele.

Msisahau pia ya kwamba katika mji wetu gari halipiti vichochoroni. Kila mfuko, kila jiwe, kila debe la mchanga hupanda punda, na kifusi nacho hushuka kwa punda. Mimi niliandika gharama ya vifaa nikasahau kuandika gharama ya punda. Na kabla ya kugusa lolote, mwenye nyumba aende ofisi ya Makumbusho apate ruhusa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hairuhusiwi mtu kubomoa ukuta au kuongeza orofa kwa kupenda kwake. Wako wanaonung'unika kwa hayo. Mimi pia nilinung'unika, mpaka nilipotambua kuwa wageni wangu hawakuja kutazama madirisha ya alumini.

Maji yalinipa kazi ndogo kuliko nilivyodhani. Kisima cha zamani kilikuwa bado na maji, tukakisafisha na kukiweka kifuniko, tukaweka tangi juu ili pawe na maji hata mfereji unapokauka. Birika la kuogea la ukutani nilitaka kulivunja. Mzee akanikataza. Nikaliacha, nikatia samaki wadogo ndani yake kama bibi zetu walivyofanya ili wale viluwiluwi vya mbu, na sasa hilo birika limepigwa picha kuliko harusi yoyote ya mtaani. Choo ndicho kisichotaka mchezo. Shimo la maji machafu likikaribiana na kisima, hapo hujatengeneza nyumba ya wageni, umetengeneza ugonjwa, nao utakwenda mpaka kwa jirani.

Juu ya vyombo sina mengi. Nunua godoro zuri na chandarua kisicho na tundu, na shuka za kutosha kubadilisha mara tatu. Kilichobaki tia vile ulivyo navyo, kitanda cha kamba, mkeka wa Matondoni, sinia la bibi. Usinunue maua ya plastiki.

Wageni wa kwanza walifika Julai 2006, na hapo nikaanza kujifunza kazi ya pili, ambayo haifanani na ile ya kwanza hata kidogo. Nyumba ikiharibika, haiendi kusema. Mgeni akiudhika husema, na jirani akiudhika husema zaidi.

Jambo lililokaribia kuifunga nyumba yangu lilikuwa paa la makuti kule juu. Nilikuwa nimeweka viti vya kulalia huko ili mgeni apate upepo wa kusi na aone bahari. Aliona bahari, lakini aliona na kiwanda cha jirani yangu, ambamo mama na binti zake hukaa bila buibui, wakisuka nywele na kufua. Miji yetu ilijengwa hivyo, kila nyumba imegeuza mgongo njiani na kufungua uso wake ndani, na mgeni hajui kwamba juu ya dari amesimama katikati ya ndani za watu. Jirani hakuja kugomba. Alimtuma mtoto na sahani ya maandazi, na ujumbe kwamba, "Mama asema siku hizi hawezi kuanua nguo." Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi, na wiki ile tukajenga ukingo wa makuti uliofika kichwa cha mtu aliyesimama. Tangu hapo mgeni akifika, kabla ya kupewa ufunguo, huelezwa mambo machache kwa mdomo, kwa tabasamu, wala si kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni kama ya kituo cha polisi. Huelezwa avae vipi akipita vichochoroni, asipige picha watu bila idhini, na kuwa pombe haiingii katika nyumba hii. Wako walioniambia nitakosa wageni. Nimekosa wachache, lakini jirani ninaye.

Msimamizi wa nyumba ni nusu ya nyumba. Mimi nilimweka kwanza mpwa wangu kwa kuwa ni wa damu, akawa alala mchana na mgeni abisha. Sikuweza kumfukuza, maana mama yake ni dada yangu. Baadaye nikamwajiri mama mmoja mjane, mpishi mzuri, mwenye macho ya kuona kijiko kimepotea. Namlipa kila mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Mwenye kumlipa msimamizi siku za wageni tu, asishangae akikuta siku zisizo na wageni nyumba ina wageni asiowajua.

Sasa nifike kwenye fedha. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Desemba na Januari wakati wa kaskazi, kisha Julai na Agosti, nyumba haikukaa tupu, na siku za Maulidi walikuja watu wetu wenyewe kutoka pwani nzima. Fedha zikaingia mkononi mwangu, na mkono ule ule ulikuwa wa nyumba, wa shamba na wa familia. Mwaka ule tulikuwa na harusi. Mnajua harusi ya kwetu. Masika ilipokuja dari ikaanza kuvuja, nikafungua sanduku, nikakuta karatasi za wauza vitambaa.

Nataka kuwafanyia hesabu, nayo ni ya mfano tu. Tuseme nyumba hukodishwa kwa shilingi 10,000 kwa usiku, na kwa mwaka hupata siku 90. Wengi huishia hapo, husema nina shilingi 900,000. Haya, tuseme wakala anayekuletea wageni kwa njia ya mtandao huchukua 15 katika kila 100, ni 135,000. Msimamizi kwa 15,000 kila mwezi ni 180,000. Maji, taa, gesi na sabuni kwa 5,000 kila mwezi ni 60,000. Leseni na kodi tuseme 45,000. Shuka zilizochakaa na vyombo vilivyovunjika, 60,000. Zimebaki 420,000. Hapo mtu hufurahi. Lakini hajaweka fedha za nyumba yenyewe. Mimi huweka thuluthi moja ya mapato yote kwa ajili ya dari, boriti, makuti na chokaa, na thuluthi hiyo sijawahi kuiona ikizidi. Katika mfano huu ni 300,000. Zimebaki 120,000. Nasi tu warithi sita. Zikigawanywa mafungu sawa, kila mmoja apata shilingi 20,000 kwa mwaka mzima.

Naona wengine wanatikisa vichwa. Ndugu yangu mkubwa alitikisa vivyo hivyo nilipomsomea daftari. Akaniuliza kama ni kwa ajili ya hizo tulizikataa fedha za mnunuzi. Nilimjibu kwamba nyumba ya mama haikuanguka, mjane mmoja ana mshahara, na kila mmoja wetu ana chumba cha kufikia akija nyumbani. Hakuridhika siku ile. Lakini Idi iliyofuata alikuja na watoto wake wote, wakalala katika chumba kile kilichokuwa na mpapai.

Na hesabu hiyo ni ya mwaka mwema. Mapema mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, wageni walikatika nchi nzima. Mwaka 2011, Septemba na Oktoba, watu walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na nchi za kigeni zikawaambia raia wao wasije kwetu. Juni 2014 ulifika msiba wa Mpeketoni, ambao sitausema mengi kwa kuwa wamo humu waliofiwa. Baadaye ikaja amri ya kutotoka usiku, ikakaa miezi. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa tangu Machi hadi mwanzo wa Agosti kwa sababu ya Korona. Mara nne katika muda wa miaka kumi na minne, biashara hii ilizimika kama taa. Hakuna kosa la mwenye nyumba katika hayo, na hakuna bidii yake ambayo ingeyazuia.

Hapo ndipo nilipojua woga wangu wa mwaka ule ulinisaidia nini. Wenzangu waliokuwa wameweka mashamba rehani kwa ajili ya nyumba walikosa mgeni na wakakosa mnazi. Mimi nilikosa mgeni. Minazi haikusikia habari za viwanja vya ndege. Mwaka 2014 msimamizi alilipwa kwa fedha za nazi, na mwaka 2020 pia. Tena katika miaka myema shamba liliendelea kuihudumia nyumba, makuti ya paa yakitoka kwangu, madafu ya wageni kwangu, maembe kwa mwanachama mwenzangu wa Hindi, mafuta ya ufuta kwa mwingine wa Mpeketoni. Ikiwa mgeni atakuja kwetu na kula chakula kilichotoka Mombasa kwa lori, sijui sisi wakulima tumepata nini kwa kuja kwake zaidi ya kelele.

Basi, Bwana Mwenyekiti, nirudi kwenye hoja. Mimi nitaiunga mkono, lakini si kama ilivyoandikwa. Muungano ukopeshe kwa dari, boriti, lipu ya chokaa, maji na choo. Usikopeshe kwa vitanda na mapambo, maana mtu akiwa na nyumba isiyovuja, vitanda atavipata. Fedha zisitolewe mkononi kwa mara moja, zilipwe kwa fundi na kwa vifaa kadiri kazi iendeleavyo, dari kwanza. Hati ya mkopo itiwe sahihi na warithi wote, hata yule aliye Jedda asiyeandika barua, kwa kuwa kesi za warithi zimeziangusha nyumba nyingi kuliko mvua. Na shamba lisikubaliwe kuwa rehani, hata mwenyewe akililia. Najua Bwana Mweka Hazina hatapenda neno hili, maana atauliza rehani ni nini basi. Iwe ni mapato ya nyumba yenyewe kupitia hesabu ya Muungano, na kwa hiyo mikopo itakuwa midogo. Na iwe midogo.

Jambo la pili naliona kubwa kuliko mikopo. Muungano uchimbe shimo la chokaa. Nimesema mkulima mmoja hawezi kungoja miezi. Muungano waweza. Wachomaji wetu wa chokaa wachome, chokaa izimwe, ikae shimoni chini ya ulinzi wa ghala, na mwanachama mwenye ukuta aje anunue kwa debe iliyo tayari, kama anunuavyo mbegu. Mafundi vijana nao wawekwe chini ya waashi wazee waliosalia, ambao ni wachache, kila mwaka tunamzika mmoja. Shimo halina gharama ya kutisha. Kwa maoni yangu, shimo hilo moja litaokoa nyumba nyingi kuliko mkopo wowote.

Wako wanaosema kwamba yote haya ni kuwatumikia wageni. Siwezi kulikataa neno lao lote, maana nimewahi kuamshwa usiku wa manane na mtu aliyeuliza kwa nini adhana ni ya sauti kubwa. Hata hivyo kila nyumba iliyouzwa katika mtaa wetu tangu utoto wangu iliuzwa na mtu ambaye dari yake ilivuja. Sikumbuki hata mmoja aliyeuza nyumba kavu.

Jumatatu ijayo tunafungua dari ya chumba cha kusini, ambayo haijaguswa tangu 2005. Fundi atakuwapo tangu saa moja asubuhi. Boriti mbili tunazishuku. Mwanachama yeyote mwenye nyumba, na Wajumbe wa Kamati watakaoipigia hoja hii kura, waje wazione zikitolewa ukutani, wazipige kisu wenyewe. Chai ya maziwa na mahamri vitakuwapo, nyumba haina wageni wiki hiyo.